Gogo la Dirishani

Mwili wa Esnah ulikuwa chini ya jabali la Manga, katikati ya migomba aliyoivunja alipoanguka, umefunikwa kwa joho la kwaya. Inspekta Nyamweya wa kituo cha polisi cha Kisii alipiga magoti, akalifunua joho, akautazama uso kwa muda mfupi, kisha akahamia kwenye mikono. Viganja vyote viwili vilikuwa vimejaa vibanzi vya mti. Hatua chache kutoka hapo lilikuwa limelala gogo la mkaratusi.

"Alilishika," alimwambia Koplo Mogire. "Walianguka pamoja, yeye na gogo."

Ilikuwa Jumamosi, mwaka wa 1971, jua likikaribia kuzama. Juu kabisa ya jabali watu walichungulia, vichwa vyao vidogo kama punje za mtama. Nyamweya hakupenda mahali pa juu. Kwa kawaida yake alikuwa mtu asiyetulia hata kwenye kiti cha ofisini, mguu ukicheza chini ya meza kutwa nzima, na urefu wa mahali ulimzidishia wasiwasi huo. Wala miaka yote ya kazi haikuwa imemfundisha kutazama maiti ya kijana bila kukasirika. Alikasirika sasa, na hakujua bado amkasirikie nani.

Esnah alikuwa mwalimu wa shule ya msingi na mtoto pekee wa Manasseh Angwenyi, fundi seremala na mzee wa kanisa la Waadventista. Ndiye aliyewaanzishia vijana wa kanisa mtindo wa kupanda Manga kila Jumamosi, siku yao ya Sabato, alasiri. Walipanda kwa miguu, wakiimba, mpaka mahali walipopaita Dirishani, ambapo mlima umekatika ghafla, na anga ikiwa safi unayaona mashamba yote ya bondeni hadi ziwa linapometameta upande wa machweo. Watu wa mjini wakisikia mtu amepanda mlima mzima ili atazame tu, huuliza amelipwa na nani. Esnah aliwacheka watu wa namna hiyo. Baba yake hakucheka, aliogopa, na kwa kuogopa akajenga kizuizi ukingoni: nguzo mbili imara na gogo la mkaratusi likipita kati yake kwa kimo cha kiuno.

Gogo hilo ndilo lililoshuka na binti yake.

Chini ya mgomba mmoja alikuwa ameketi kijana aliyefungwa mikono kwa kamba za migomba, mdomo umepasuka kwa kipigo. Aliitwa Thadeus Ombati, fundi wa malori huko Keroka. Kila mtu pale alikuwa na la kusema juu yake, na wote walisema kwa wakati mmoja. Nyamweya aliwanyamazisha, akamwendea Manasseh, aliyekuwa amesimama peke yake na kofia mkononi.

"Pole sana, mzee. Nani alikuwa karibu naye?"

"Huyo." Manasseh hakunyoosha hata kidole. "Walikuwa wawili ukingoni. Mmoja yuko hapo chini ya joho, mwingine yuko hai. Alionekana akipanda alfajiri; muulize pia alikuwa anafanya nini Dirishani leo asubuhi, watu wa Mungu wakiwa kanisani."

Thadeus alikuwa Mkatoliki, na alitaka kumwoa Esnah. Hayo mawili yalijulikana kijiji kizima, na kwa wengi yalitosha kuwa ushahidi. Nyamweya aliamuru kamba zifunguliwe na pingu zifungwe. Kwa jinsi watu walivyokuwa wamemkazia macho kijana yule, pingu zilikuwa usalama wake. Mwanamke mmoja akasema kwa sauti ya kusikika kwamba Inspekta naye ni wa Roma kama kijana, kwa hiyo wameona mwisho wa kesi. Nyamweya alisikia. Alijifanya kuwa na shughuli na mlango wa Landrova.

Jumapili asubuhi, kabla ya umande kukauka, alipanda Dirishani na Mogire. Alikwenda ukingoni kwa magoti, na Koplo akageuza uso ili asionekane anatabasamu. Lakini tabasamu lilififia alipoona alichokiona mkubwa wake.

Kigutu cha gogo kilikuwa kimebaki kwenye nguzo, na gogo halikuwa limeoza. Lilikuwa limekatwa kwa msumeno, hapo hapo lilipoungana na nguzo ya kushoto, tena kwa chini. Mkataji alipandisha msumeno hadi karibu na ganda la juu, akaacha unene wa kidole tu. Mtu aliyetazama kutoka juu aliona gogo zima. Mtu aliyelikalia alikuwa anakalia hewa.

Chini ya nguzo, kwenye nyasi, palikuwa na unga wa mbao. Mogire aliukusanya katika mkebe wake wa tumbaku, akaufunika. Kisha wakakata kwa uangalifu kipande cha kigutu hicho chenye alama za msumeno, wakakitia guniani kiwe kielelezo.

"Basi ni mauaji," alisema Mogire.

"Ni mauaji."

"Na asubuhi ya siku hiyo kuna mtu aliyeonekana hapa peke yake."

Mguu wa Nyamweya ulikuwa umeanza kucheza.

Thadeus alihojiwa kituoni siku hiyo hiyo. Chumba kilikuwa na meza, viti viwili na dirisha lisilofunguka. Kijana alijibu kwa sauti ndogo, akitazama viganja vyake vyenye madoa ya grisi.

"Jana ulifika Dirishani wakati gani?"

"Mapema, Afande. Jua ndiyo linatoka."

"Kufanya nini?"

"Kumngoja Esnah."

"Vijana hupanda alasiri. Wewe uende alfajiri?"

"Nilitoka upande wa Sotik na lori, nilikuwa natengeneza gari huko. Likanishusha barabarani. Kwao siruhusiwi kukanyaga. Nikaenda juu, nikalala kwenye jiwe mpaka wao wakakuja."

"Una msumeno?"

"Mimi ni fundi wa magari. Niko na spana."

"Gogo lilikatwa."

"Gogo hilo ni mimi hukalia, Afande. Kila wiki. Watu wote wanajua."

"Jana hukulikalia."

Thadeus alisugua doa la grisi kiganjani. "Jana alinitangulia. Alikimbia akakaa yeye. Nilimwona akienda."

Nyamweya aliandika jibu hilo na akajua jinsi litakavyosomeka mahakamani. Kila wiki hukaa yeye. Siku gogo limekatwa, hakai. Hakimu yeyote angeinua macho hapo. Na kosa lenyewe ni la kunyongwa.

Daktari wa maiti, siku ya Jumatatu, hakuongeza mengi. Shingo na mgongo vilivunjika kwa kuanguka. Hakukuwa na michubuko ya mtu kushikwa wala kusukumwa. Vibanzi vya viganjani ni vya mkaratusi. Aliyekufa alikuwa mwenye afya njema kabisa, alisema daktari, na akaosha mikono kwa muda mrefu kuliko kawaida.

Mkuu wa kituo naye hakuwa na muda mrefu. Mapadri walikuwa wameuliza habari za kijana wao. Wachungaji walikuwa wameuliza habari za binti yao. Vijana wa pande zote mbili walikuwa wameanza kupigana sokoni. Alimwita Nyamweya, akamwambia kwamba Jumatatu ijayo faili ipelekwe kwa hakimu na Thadeus asomewe shtaka la mauaji, kwani fursa alikuwa nayo na alionekana mahali hapo. Sababu, alisema, itapatikana. Pengine msichana alikuwa amemkataa.

"Hakuwa amemkataa," alisema Nyamweya.

"Nani anasema?"

"Yeye mwenyewe, kijana."

"Ah," alisema mkuu wa kituo, na huo ukawa mwisho wa mazungumzo.

Nyamweya alirudi ofisini na hasira zake. Lililomsumbua zaidi lilikuwa swali alilojiuliza mwenyewe, bila kusubiri yule mwanamke wa kijijini amuulize: kama kijana huyu angekuwa Mwadventista, ungehangaika hivi? Hakulipenda swali hilo. Siku mbili alizunguka nalo, akinywa chai na kuiacha nusu, akisimama, akiketi, akiwakemea askari wenzake kwa makosa ambayo siku nyingine asingeyaona. Mogire alijifunza kumpitia mbali.

Jumatano, kwa kukosa la kufanya na mikono yake, alifungua ule mkebe wa tumbaku na kuumimina unga wa mbao juu ya karatasi.

Haukumiminika. Ulitoka kipande kizima, umeshikana kama ukoko wa ugali, majani makavu yamenasa ndani, na juu yake kulikuwa na vishimo vishimo vidogo. Nyamweya aliubonyeza kwa ukucha. Unga wa mbao uliokatwa kwenye hali ya ukavu hukaa mkavu, unapeperuka ukikohoa. Huu ulikuwa umeloa, tena umepigwa, kisha ukakauka.

"Mogire," aliita. "Mvua ilinyesha lini mara ya mwisho kabla hatujaokota hii?"

Mogire hakuhitaji kufikiri. Kisii yote iliikumbuka mvua ile. Ilikuwa ya mawe, usiku wa Ijumaa, iliyochanachana majani ya chai na kutoboa migomba. Jumamosi ilikuwa kavu. Jumapili asubuhi kavu pia.

"Umande je?"

"Umande hautoboi, Afande."

Basi gogo lilikatwa kabla ya mvua. Na kwa kuwa rangi ya unga haikuwa imefifia, lilikatwa siku ile ile, Ijumaa. Na kumbe kila mtu, Nyamweya akiwemo, alikuwa ameshughulika na Jumamosi asubuhi.

Walichukua Landrova, wakapita Keumbu bila kusimama, wakafika Keroka jua likiwa kali. Mwenye lile lori la Sotik alikuwa mfanyabiashara wa ndizi aitwaye Drusilla, mama mnene mwenye sauti ya kuamuru, ambaye hakuacha kupakia mizigo kwa sababu ya polisi. Aliulizwa fundi Thadeus alikuwa wapi Ijumaa.

"Chini ya lori langu," alisema Drusilla. "Ekseli ilikatika karibu na Sotik siku ya Alhamisi. Ijumaa yote huyo kijana alikuwa chini pale, mpaka mvua ya mawe ikampata. Mimi nilikuwa ndani ya kebini nikihesabu hasara. Miguu yake ndiyo nilikuwa naona."

"Hakuondoka hata kidogo?"

"Aondoke na nani asukume lori? Mkitaka waulizeni wapagazi wangu. Halafu mniambie mnamfungia nini, kwa sababu kuna lori lingine linamngoja."

Wapagazi walisema vivyo hivyo, kila mmoja kivyake. Nyamweya alipumua. Kijana hakuwa muuaji. Lakini furaha hiyo ilidumu hadi Keumbu tu, kwa kuwa mkuu wa kituo hangemwachilia mtu mmoja bila kuletewa mwingine, na kijiji kingesema Roma imejiokoa.

Aliyekata alikuwa nani, na kwa nini?

Esnah hakuwa na adui. Alhamisi nzima Nyamweya aliulizia hilo nyumba hadi nyumba na akapata jibu moja tu. Wazazi wa wanafunzi walimlilia. Majirani walimlilia. Mwishoni alikwenda kwa Marion, mwalimu mwenzake na rafiki yake wa karibu, aliyekuwepo Dirishani siku ile. Alimkuta ameketi mlangoni na madaftari ya watoto magotini, hasahihishi chochote.

Marion alieleza kwamba vijana wa kanisa hawakuwahi kulikalia lile gogo. Mzee Manasseh aliwakataza siku alipolijenga: kuegemea tu, si kukalia. Nao walitii. Thadeus peke yake, ambaye hakuwa wa kanisa, ndiye aliyelikalia kila wiki, miguu ikining'inia upande wa shimo, na wao wakipiga kelele za hofu na kicheko.

"Lakini Esnah siku hiyo alikaa," alisema Nyamweya.

"Ndiyo."

"Kwa nini?"

Marion alikunja daftari moja, akalikunjua. "Tukiwa njiani aliniambia amemkubali Thadeus. Amemwambia baba yake tangu Jumatano. Baba akamkataza, naye akasema hapana. Mara ya kwanza katika maisha yake. Tulipofika juu akakimbia mbele. Akasema, leo nakaa mimi, nimeshamkatalia baba kubwa, dogo hili litanishinda nini?"

Kisha akalia, na Nyamweya akangoja amalize.

Alipokuwa akirudi mjini jambo lilimkalia wazi kichwani. Walikuwa wakiuliza swali lisilo sahihi. Hakuna aliyetaka Esnah afe. Gogo lilikatwa kwa ajili ya mtu mmoja tu aliyelikalia, na mtu huyo alikuwa rumande, mdomo umepasuka, akisubiri kunyongwa kwa ajali iliyotegwa ili imuue yeye.

Ijumaa alasiri Nyamweya na Mogire walikwenda kwa Manasseh. Inspekta alitaka kumweleza mzee mwenyewe kwamba Thadeus ataachiliwa, kabla hajasikia barabarani. Aliona ni heshima kufanya hivyo. Alitaka pia kumuuliza, kama fundi aliyekijenga kizuizi, ni nani kijijini mwenye msumeno na chuki. Jambo moja lilikuwa bado linamkera. Ijumaa, Dirishani pana watu: wanawake hukata nyasi pale na watoto huchunga ng'ombe. Jumamosi asubuhi kijiji kizima kimo kanisani, na mlima hauna hata paka. Mtu mwenye akili ya kutega gogo kwa chini alikosaje akili ya kuchagua wakati?

Alisimama langoni. Uani palikuwa na heka heka. Wanawake waliokuja matangani walikuwa wakikimbizana na jua: mmoja anateremsha mtungi wa maji, mwingine anapasua kuni za mwisho, wengine wamezunguka masufuria ya chakula cha kesho. Mong'ina, dada yake Manasseh, aliwahimiza kutoka mlango wa jikoni kwamba jua likizama Sabato inaingia, kila kazi iishe.

Nyamweya alizitazama kuni zile. Mguu wake, uliocheza wiki nzima, ulitulia.

"Lete lile gunia la kielelezo," alimwambia Mogire polepole. "Na pingu."

Karakana ilikuwa nyuma ya nyumba. Manasseh alikuwa akitengeneza jeneza la binti yake. Mafundi wengine walijitolea, akawakatalia wote. Sanduku lilikuwa tayari, limepigwa randa hadi linateleza. Ubao wa kifuniko ulikuwa juu ya meza, umechorwa mstari wa penseli, haujakatwa.

"Karibu, Inspekta. Nimalizie hapa, muda ni mfupi."

Nyamweya aliinama, akaokota kipande cha ubao kilichokatwa na kutupwa sakafuni. Akakiinua kwenye mwanga wa mlango. Mistari ya msumeno ilikuwa imepangana vizuri, kazi ya mkono uliozoea, ila kila baada ya nafasi ndogo palikuwa na mkwaruzo mmoja wenye kina kuliko mingine.

"Msumeno wako una jino lililopinda, mzee."

"Ni wa zamani. Nimeuzoea."

Mogire alitoa kile kipande cha gogo guniani. Nyamweya alikiweka juu ya meza kando ya kile kipande cha ubao, ncha kwa ncha. Mkwaruzo ulikuwa ule ule, na nafasi ilikuwa ile ile. Manasseh alivitazama vipande hivyo viwili kama fundi anavyotazama kazi yake mwenyewe, na hakuuliza vimetoka wapi.

"Ulikata Ijumaa iliyopita," alisema Nyamweya. "Kabla ya mvua."

Manasseh aliiweka randa chini.

"Wanawake walikuwa wanakata nyasi. Walikuona?"

"Waliniona. Walinisalimu. Kizuizi ni changu, ni nani atashangaa nikikitengeneza?"

"Ungeweza kungoja kesho yake. Asubuhi, watu wote wako kanisani. Hakuna ambaye angekuona. Kwa nini hukungoja?"

Mzee alimtazama kwa mshangao wa kweli, kama mtu aliyeulizwa kwa nini hali mawe.

"Asubuhi ilikuwa Sabato," alisema.

Mogire aliacha mdomo wazi. Nyamweya alihisi hasira ya wiki nzima ikimpanda, kisha ikageuka kitu kingine kizito zaidi. Alivuta kigoda, akaketi.

"Amri hiyo uliikumbuka. Ile ya kuua je?"

"Niliikumbuka pia. Nilisema nitaijibu mimi, peke yangu, siku ya kujibu." Manasseh alizungumza bila kupandisha sauti. "Mama yake Esnah alilala mauti mtoto akiwa mdogo. Aliniambia, Manasseh, siku ya ufufuo nikifumbua macho nataka nimwone huyu. Nikaahidi. Nimemlea kwa ahadi hiyo, Inspekta. Halafu akaja huyo kijana. Angemtoa kanisani, angezaa naye watoto wa kubatizwa kwa mapadri. Ningemkosa hapa, na siku ile ningemkosa tena. Mama yake angeamka aniulize, mtoto yuko wapi?"

"Kwa hiyo ukamtegea Thadeus."

"Ni yeye tu aliyekuwa anakaa pale. Vijana wangu niliwakataza. Na Esnah..." Alipitisha kiganja juu ya ubao. "Esnah hakuwahi kunivunjia neno. Nililikata gogo nikiwa na uhakika naye."

"Ulimwacha yule kijana apelekwe kunyongwa, ukijua."

"Nilijua. Kama naye angebaki hai, binti yangu angekuwa amekufa bure."

Hakujitetea zaidi ya hapo. Nyamweya alikuwa amesikia wauaji wengi wakilia, wakikana, wakisingizia pombe na shetani. Huyu alikuwa amesimama wima kwenye aproni yake, na hilo ndilo lililomwumiza. Alimwonea huruma na kumchukia kwa pamoja, na hakujua afanye nini na hisia mbili za namna hiyo katika chumba kidogo.

"Niambie kitu kimoja," alisema Manasseh. "Umewauliza wote waliokuwa pale. Kwa nini alikaa?"

Maneno ya Marion yalikuwa mdomoni mwa Nyamweya. Ilikuwa rahisi kuyasema, na dakika chache zilizopita angeyasema kwa furaha.

"Aliamua kukaa," alijibu.

Manasseh aliitika kwa kichwa, mara nyingi, kama aliyeelewa yote.

Nyamweya alichukua ule msumeno ukutani, akampa Mogire, kwani sasa ulikuwa kielelezo. Kisha akaona kwamba kwenye msumari wa pili ulining'inia msumeno mwingine, mdogo. Akautazama ubao wa kifuniko. Mwili ulikuwa uchukuliwe mochari Jumapili alfajiri, uzikwe siku hiyo hiyo.

"Kuna msumeno ule," alisema. "Malizia kifuniko. Tutangoja."

Mogire alimgeukia kwa mshtuko, lakini Inspekta hakumjali. Manasseh alinyoosha mkono kuelekea msumeno mdogo. Akachungulia nje kupitia mlangoni. Mstari wa mwisho wa jua ulikuwa umekwisha kuteleza nyuma ya ukingo wa Manga, na kutoka nyumbani wanawake walikuwa wameanza wimbo wa kuipokea Sabato.

Aliurudisha mkono. Akavua aproni, akaikunja vizuri, akaiweka juu ya meza.

"Limezama," alisema, na akanyoosha mikono yote miwili mbele.

Thadeus aliachiliwa Jumamosi asubuhi. Hakumwomba mtu amsindikize. Nyamweya, aliyekuwa akienda kuchora ramani ya karakana kwa ajili ya mahakama, alimkuta njiani akitembea kwa miguu kuelekea Manga, akampakia. Hawakuzungumza njia nzima.

Uani hapakuwa na mtu ila Mong'ina, aliyeketi mlangoni pa jikoni, macho yamevimba. Wengine wote walikuwa kanisani, sauti zao zikisikika ng'ambo ya mabonde. Jana usiku, alieleza Mong'ina, waliuliza mafundi watatu kuhusu kifuniko. Wote walisema watakuja jua likizama leo, kama Mungu atawapa mwanga wa taa wa kutosha. Hakuwa akiwalaumu. Alikuwa akieleza tu.

Thadeus aliingia karakana. Aliliona jeneza, akashika ukingo wake. Kisha akaushusha ule msumeno mdogo kutoka kwenye msumari.

Mong'ina alikuwa amemfuata hadi mlangoni. Alikuwa mwanamke wa kanisa tangu utotoni.

"Leo ni Sabato, mwanangu," alisema.

"Kwenu, mama," alisema Thadeus, kwa upole.

Mama mzee alilitazama sanduku lisilo na kifuniko, akamtazama kijana ambaye Manasseh, kaka yake, alitaka kumwua. Ng'ambo kule wimbo uliisha, mwingine ukaanza.

"Basi kata," alisema, na akasogea ili mwanga uingie.

Thadeus aliweka msumeno juu ya mstari wa penseli aliouchora mzee Manasseh. Hakuwa seremala, na ubao ulitikisika. Inspekta Nyamweya alivua kofia, akaiweka juu ya jeneza, akaenda kushika upande wa pili.